Mstari wa Vichaka

Vichaka vilikuwa kumi na saba. Nilivihesabu mara tatu kabla jua halijazama, nikitembea taratibu kutoka kwenye jabali hadi barabara ya vumbi, na mara zote tatu nilitamani hesabu ikatae. Haikukataa. Nitaeleza jambo hili kwa utaratibu, maana bila mwanzo wake msomaji anaweza kudhani kwamba mzee huyu alichanganyikiwa kwa jua la Mwanza.

Kipande changu cha ardhi Buswelu nilikinunua mwaka 1994, wakati nikifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Mwanza. Siku hizo mtu akikuambia kwamba anahamia Buswelu ulimpa pole. Palikuwa shamba tupu: mihogo, viazi vitamu, pamba kidogo, na ng'ombe waliopita jioni wakitoka malishoni. Kati ya mashamba yalisimama majabali yetu, yale mawe makubwa ya Usukuma yaliyobebana mgongoni kama watoto, na juu ya mengine mikuyu imeota katika nyufa pasipo na udongo wa kujaza kikombe. Nilipendezwa na jabali moja zaidi ya kupendezwa na shamba lenyewe. Mzee aliyeniuzia alilijua hilo, na nadhani aliongeza bei kidogo kwa ajili yake.

Tulipima kwa hatua zake, si kwa zangu, kwa kuwa alikuwa mrefu na mimi ndiye mnunuzi. Hati yetu ilikuwa ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la mwanafunzi. Upande wa mashariki, ambako shamba lake lilipakana na langu, iliandikwa kwamba mpaka unatoka jabali kubwa na kwenda moja kwa moja hadi barabarani. Mashahidi wawili walitia sahihi, mzee akaweka dole gumba, tukanywa soda. Wiki iliyofuata nilisimamisha uzio upande ule: nguzo za miti ya porini kila baada ya hatua nne, na seng'enge nyuzi tatu zilizoshikwa kwa misumari ya U. Mzee alikuja kutazama, akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, unamfungia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa kijana mwenye ardhi yake ya kwanza, na kijana wa namna hiyo hawezi kulala kabla hajaizungushia kitu.

Mwaka 1996 nilihamishiwa Tabora. Nilidhani nitakaa miaka miwili. Nikakaa ishirini na mmoja. Mzee aliendelea kulima kipande changu kwa ridhaa yangu, na kila mwaka alinitumia gunia la viazi kwa basi. Alipofariki mwaka 2005 nilikuja kuzika. Nguzo zangu zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa na seng'enge haikuwapo tena. Pengine iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pengine ilifunga zizi la mtu. Sikuuliza. Mtu aliyekuja msibani haulizi habari za waya.

Niliporudi mwaka 2017, nikiwa mstaafu, Buswelu ilikuwa nyingine. Mwaka 2012 Ilemela ilikuwa imetengwa na Jiji la Mwanza ikawa manispaa yake yenyewe, na makao makuu yake yako Buswelu. Penye ofisi huja watumishi, penye watumishi huja nyumba, na penye nyumba huja madalali. Ardhi tuliyoipima kwa hatua za mzee mrefu sasa ilitajwa kwa mita za mraba. Nilijenga vyumba vitatu karibu na jabali langu, nikaweka kiti barazani, na nikaanza kazi ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mingi pasipo kuifanya. Nayo ni kutazama.

Mbele ya kiti changu palikuwa na mstari wa vichaka. Minane ilikuwa mikwamba, ile miti midogo yenye matawi membamba ambayo wavuvi husukia migono ya kutegea samaki, na ambayo huzaa vitunda vyeupe vya kumwezesha mtoto kusahau kwamba ametumwa dukani. Mitatu ilikuwa mikole. Miwili ilikuwa miarobaini michanga. Vinne vilikuwa lantana, ule mmea wa maua ya rangi mbilimbili uliotoka Amerika ya kitropiki ukaletwa kwetu kuwa pambo la bustani, na sasa umekuwa pambo la kila mahali pasipohitaji pambo. Chini ya vichaka hivyo, kivulini, palikuwa na pilipili kichaa zisizo na mwenyewe. Mjane wa yule mzee alizichuma kila Jumamosi. Nilimsalimu na yeye akanisalimu.

Wageni wa vichaka walikuwa ndege. Wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni alikuwa shore, yule wa kijivu mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ambaye huimba kana kwamba anaita watu kwenye mkutano. Walifuata kuzumburu, wenye mikia mirefu kuliko haja, wakitambaa matawini kama panya. Kwezi walikuja kwa makundi, wakiwa wamevaa vizuri na wenye tabia mbaya. Nilikaa na saa mkononi. Shore hula vitunda vinne au vitano vya mkwamba, huruka hadi mahali pa juu penye nafasi ya kuona, hukaa, hujikuna, hutazama huku na huku. Na kabla ya kuruka tena, mara nyingi huacha kinyesi. Ndani ya kinyesi hicho mna mbegu.

Jambo hilo tuliliimbisha darasani kama sala: upepo, maji, wanyama, na matunda yenye kupasuka. Lakini darasani hatukufika kwenye uhondo wake. Tunda si zawadi ya bure. Mti una mbegu na hauna miguu. Kwa hiyo huifunika mbegu kwa nyama tamu, huitia rangi ambayo jicho la ndege huiona kutoka mbali, kisha hungoja. Ndege mdogo kama shore humeza tunda zima. Tumbo lake huvua nyama na kuiacha mbegu nzima, na kwa kawaida haichukui hata saa moja kabla ya kuitoa. Kuvuliwa huko ni faida, kwa maana nyama ya matunda mengi ina vitu vinavyoizuia mbegu isiote ikiwa bado imo ndani. Si kila ndege ni mpanzi. Njiwa na tetere wana firigisi yenye nguvu na humeza changarawe za kusagia. Mbegu nyingi zinazopita humo huwa unga. Ukimwona tetere chini ya mkole usidhani anapanda, yeye anavuna.

Charles Darwin aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba kwa muda wa miezi miwili aliokota bustanini kwake, katika kinyesi cha ndege wadogo, mbegu za aina 12, na baadhi ya zile alizozijaribu ziliota. Nampenda sana Darwin kwa habari hiyo kuliko kwa zile zilizomletea ugomvi. Bwana mkubwa, ameinama bustanini na kuchokonoa mavi ya ndege. Na habari ya pilipili ni tamu zaidi. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, walichapisha utafiti waliofanya Arizona juu ya pilipili za mwituni. Panya waliogopa ukali wake. Ndege hawakuusikia kabisa. Mnyama mwenye meno huiponda mbegu ya pilipili, ndege huipitisha ikiwa nzima. Basi ukali ule ni mlinzi wa mlango anayemfukuza mharibifu na kumkaribisha mchukuzi. Tangu niliposoma hayo sijawahi kula pilipili bila kujiona kama mtu aliyeingia kwenye karamu asiyoalikwa.

Kwa miaka miwili nilivitazama vichaka hivyo, nikawaeleza wageni wangu habari za shore, firigisi na Darwin, hata wengine wakaanza kuja saa za usiku ili ndege wawe wamelala. Na katika muda wote huo sikujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniuliza. Nilivizoea, kama mtu anavyozoea picha iliyo ukutani mwake.

Mwaka 2019 watoto wa marehemu mzee waliamua kugawana shamba lao na kuuza sehemu. Mpima angekuja. Kabla hajaja ilibidi tukubaliane juu ya mpaka wetu, na hapo ndipo tulipokuta kwamba hatukubaliani. Wao walisema mpaka ni vichakani. Mimi nilisema mpaka ni mfereji, ambao uko hatua nne ng'ambo ya vichaka, upande wao. Sikusema uongo. Naomba niaminiwe hapo, maana baadaye sitaomba. Kichwani mwangu nilikuwa na picha ya mwaka 1994: uzio wangu, na kando yake bonde dogo jembamba likishuka kuelekea barabarani. Niliporudi nilikuta mfereji, na nikaufungia uzio wangu kwenye mfereji huo kumbukumbuni mwangu, kama mtu anavyomfunga mbuzi kwenye mti ulio karibu.

Hatua nne si kitu katika shamba la viazi. Lakini hatua nne kwa urefu wote wa kutoka jabali hadi barabara, kwa bei za Buswelu za siku hizi, ni chumba na sebule. Mwanangu wa kiume alikuwa amekwisha kuchora karatasini mahali pa kuweka fremu mbili za duka.

Tulikutana chini ya mwembe: mwenyekiti wa mtaa, wazee wanne, watoto wa marehemu, mjane, na mimi. Ile karatasi ya daftari ilisomwa. Haikusaidia, kwa sababu kutoka kwenye jabali pana kama lile unaweza kwenda moja kwa moja hadi barabarani kwa njia kumi. Kati ya mashahidi wawili, mmoja alikuwa amefariki na mwingine alikuwa Geita kwa mwanawe, haoni wala hasikii vizuri.

Mjane alipewa nafasi. Alisema maneno machache. "Mzee wangu alilima hadi vichakani. Hakuvuka."

Nilipopewa nafasi mimi nilisema mengi. Nilisema kwamba vichaka ni pori tu, havina aliyevipanda, na kwamba kitu kisicho na mpanzi hakiwezi kuwa alama ya mtu. Nilisema mfereji ni alama ya asili na ya siku nyingi. Nilitumia sauti yangu ya darasani. Mwenyekiti akamgeukia mjane, "Mama, vichaka hivyo mlivipanda ninyi?" Akajibu, "Hatukuvipanda." Akanigeukia mimi. Nikajibu, "Sikuvipanda." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kwamba mwalimu hawezi kusimama mbele ya watu akasema uongo. Basi ikaamuliwa kwamba mpaka ni mfereji, na haikuchukua hata saa moja.

Watu walipokuwa wakiinuka, mjane alisema, bila hasira, kama mtu anayejisemesha mwenyewe, "Sasa nani alivipanda kwa mstari?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu, na ule mstari ukawa mbele yangu. Shore alikuja, akala, akaruka. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda kukaa kwenye ncha ya mwarobaini. Shore hakai hewani. Hukaa penye kitu. Na anachokiacha hudondoka moja kwa moja chini ya kile alichokikalia. Penye mti mmoja uliokauka katikati ya shamba utaona duara la miche. Penye jabali utaona miche ufani. Na ukiona vichaka kwa mstari, vilivyonyooka kama vilivyopigiwa kamba, basi ndege walikaa kwa mstari. Walikaa juu ya nini?

Nadhani nilijua kabla sijamaliza kuuliza. Ndipo nilipoinuka kwenda kuvihesabu. Havikutawanyika sawasawa. Vilisimama kwa mafungu, viwili viwili na vitatu vitatu, na kati ya fungu na fungu palikuwa na hatua nne. Ndege hupenda nguzo kuliko waya, kwa kuwa nguzo haiyumbi. Tena uzio ulifanya kazi nyingine ambayo ndege asingeweza kuifanya: uliikinga miche isifikiwe na jembe. Mzee alipolima kwa maksai, plau lake lilifika karibu na seng'enge likageuka. Pale chini ya waya palibaki utepe mwembamba wa ardhi ambao haukuguswa kwa miaka kadhaa, na humo kila kilichodondoshwa kilipata muda wa kushika mizizi. Uzio ulipokufa mizizi ilikuwa imekwisha kuwa na nguvu, na mkwamba ukikatwa huchipua tena.

Nilichukua jembe la mkono na kuchimba chini ya fungu la tatu. Sikuchimba sana. Ulitoka udongo mweusi laini wa nguzo iliyooza, na ndani yake msumari wa U wenye kutu, na kipande cha seng'enge chenye urefu wa kidole. Niliutia msumari mfukoni. Nikatazama huku na huku, kama mwizi, kwenye ardhi ambayo saa chache kabla wazee wanne walisema ni yangu.

Sitaificha hesabu niliyopiga usiku ule. Msumari mmoja mtu anaweza kuutupa ziwani, na Ziwa Victoria limemeza makubwa kuliko hayo. Hakuna hata mmoja chini ya ule mwembe aliyejua kwamba vichaka vinaweza kusema. Niliyejua ni mimi peke yangu, na nilijua kwa sababu nililipwa mshahara kwa zaidi ya miaka thelathini ili niwaambie watoto jambo hilo hilo. Nilijiambia kwamba wazee ndio walioamua, si mimi. Nilijiambia kwamba watoto wa marehemu watauza tu. Nikamkumbuka yule aliyesema kwamba mwalimu hawezi kusema uongo, nikaona afadhali angenitukana.

Asubuhi nilikwenda. Nilimkuta mjane akipepeta mchele ukumbini.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwalimu. Umeamka mapema. Kaa."

Sikukaa. Nilimwekea ule msumari juu ya ungo wake, na nikamweleza habari yote, ya shore, ya nguzo na ya hatua nne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia ashangae, kwa kuwa nilimwona ni mwanamke wa shamba anayesikia kwa mara ya kwanza habari za elimu. Akautoa msumari kwenye mchele kwa vidole viwili, akaupangusa.

"Ndege wako hao," alisema, "walinitia hasara. Nilikuwa naanika kanga zangu kwenye waya wako kwa sababu sikuwa na kamba. Kila siku madoa. Ya lantana hayatoki hata kwa sabuni ya mche. Nilimwambia mzee amwambie mwalimu aondoe waya wake, akanicheka."

Nilimwuliza kwa nini hakuyasema hayo jana, chini ya mwembe.

"Wanaume wanazungumza habari za mpaka, mimi nizungumze habari za kufua?"

Kisha akaniambia habari ya mfereji. Mwaka 1994 haukuwapo. Palikuwa na njia ya ng'ombe, yenye kuzama kidogo kwa ajili ya kwato. Mvua za El Niño, zile za mwishoni mwa mwaka 1997 zilizoendelea hadi 1998, ndizo zilizoingia katika njia hiyo zikaichimba. Mimi nilikuwa Tabora. Kwa hiyo niliposimama mbele ya wazee nikasema mfereji ni alama ya siku nyingi, nilikuwa nikitoa ushahidi juu ya kitu ambacho sikuwapo kilipozaliwa.

Tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti. Hakufurahi. Mtu akishakata shauri na kunywa chai hapendi kulikata upya, tena kwa ombi la yule aliyeshinda. "Mwalimu, jana ulisema vichaka havina aliyevipanda," alinikumbusha. Nikasema ndivyo nilivyosema. "Na leo unasema vilipandwa na ndege." Nikasema ndiyo. Alinitazama kwa muda, akautazama ule msumari, akaomba kalamu. Habari zilifika sokoni kabla yangu. Hata leo wapo vijana wanaonisalimu kwa kuniuliza ndege wanasemaje kuhusu viwanja vya Nyakato. Mwanangu hakusema nami kwa wiki tatu, na ile karatasi yake ya fremu za duka niliikuta imefungiwa karanga.

Baada ya hapo lilizuka suala la vichaka vyenyewe. Mtoto mkubwa wa marehemu alitaka vyote vikatwe. Nilimwomba tuondoe lantana tu, na katika hilo tulipatana upesi, kwa kuwa ng'ombe wakiila lantana hudhurika ini, na ngozi yao huungua juani. Tuliing'oa na mizizi yake, mimi na yeye, siku nzima. Wakati wa kung'oa nilimsimulia habari za Usambara Mashariki, pengine kwa kuwa nilikuwa na haja ya kuongea jambo lisilo langu. Kuna mti uitwao msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis. Kwao ni huku kwetu, magharibi ya ziwa, upande wa Bukoba na Uganda. Wazungu waliupeleka Amani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hondohondo wa kule waliyapenda matunda yake, wakayameza na kuzisambaza mbegu ndani ya msitu, hata mti wa mgeni ukawa tatizo katika msitu wenye miti isiyopatikana penginepo duniani. Hondohondo hakosi. Yeye hula kilichoiva.

Katika milima hiyo hiyo Norbert Cordeiro, Mtanzania, na mwenzake Henry Howe walichunguza mti mmoja wa asili ya huko, Leptonychia, na wakachapisha mwaka 2003. Katika vipande vidogo vya msitu vilivyobaki kati ya mashamba, ndege wanaokula matunda ya mti huo walikuwa wachache. Matunda hayakuchukuliwa, mbegu zilidondoka chini ya mama yao, na miche iliyoota mbali naye ilikuwa michache. Miti mikubwa ilisimama bado, mtu akipita angesema msitu upo.

Yule kijana alinisikiliza huku akivuta mzizi. Akaniuliza kama mikwamba nayo ikikatwa shore wataondoka. Nikasema watakwenda mahali pengine penye matunda, ikiwa pako. Akatazama upande wa barabara, kwenye nyumba mpya zenye kuta ndefu na vipande vya chupa juu yake, asiseme neno. Jioni aliiacha mikwamba na mikole. Mwarobaini mmoja aliukata kwa kuwa ulikuwa njiani kwa mpima, na mimi sikuwa na haki ya kusema kitu.

Mpima alikuja mwezi uliofuata. Aliweka jiwe la mpaka la saruji, lenye namba, katikati ya mikwamba miwili, na akalalamika kwamba imemchana mikono. Mjane amezeeka sana sasa na haji tena kuchuma pilipili. Mimi humchumia na kumpelekea katika kikombe, na yeye kila mara husema ni chache.

Mwaka 2021 tuliletewa umeme upande wetu. Nguzo zilipita kando ya barabara, na waya mmoja ukakatisha juu ya kiwanja changu kuja nyumbani, mahali ambapo mwanangu, tuliyekwisha kupatana, anamwaga zege la banda la kuku. Juzi nilikuta chini ya waya huo mche wa mwarobaini wenye majani manne, na hatua mbili kutoka hapo mwingine, na mwingine. Nimemwambia asogeze banda. Bado anafikiri.